Dakika ya 16,777,216

Kisa chenyewe kilianza na rangi ya mlango. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa anakuja kututembelea kutoka Mombasa, na Baba Watoto akasema mgeni wa heshima hapitishwi kwenye mlango uliochubuka. Akaitwa fundi wa rangi, kijana mtaratibu wa hapa hapa Kangemi, akaupaka nje na ndani rangi ya maziwa. Upande wa ndani wa mlango huo ndio ulikuwa daftari la nyumba: siku za kuja maji, vimo vya watoto kila Desemba, na nambari ya mita yetu ya stima, tarakimu 11. Fundi hakutaka kutupotezea kumbukumbu. Alinakili yote kwenye karatasi, akapaka, na rangi ilipokauka akayaandika upya kwa mwandiko mzuri kuliko wetu. Tukamlipa, tukamshukuru, akaenda zake.

Mjomba aliwasili Jumapili, tarehe 24 Novemba 2024. Alikuja kwa Madaraka Express hadi Syokimau, akaingia mjini, akapanda matatu ya Waiyaki Way na kushukia darajani Kangemi akiwa amebeba sanduku la samaki kichwani kama kijana. Ndani mlikuwa na nguru wawili wazima na changu kadhaa, wamefunikwa barafu na magazeti. Kwapani alikuwa na bao lake, limefungwa kwa kikoi. Kila aendapo huenda nalo. Samaki wakaingia kwenye friza, mgeni akapewa maji ya kuoga, nami nikaanza kukuna nazi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni mita iliishiwa yuniti na nyumba ikawa giza. Nikitazama dirishani niliona taa za Loresho zinawaka, na za ploti yetu pia. Tulioingia gizani ni sisi peke yetu.

Hapa lazima nieleze hali ya mita yetu. Kwa miezi kadhaa Kenya Power ilikuwa inawatangazia wateja wa tokeni wasasishe mita zao kabla ya tarehe hiyo hiyo, 24 Novemba. Sasisho lilikuja na tokeni mpya: ukinunua, unaletewa seti tatu za tarakimu 20, mbili za kuibadilisha mita na ya tatu ya stima yenyewe. Karibu wote wa ploti walikuwa wamemaliza. Sisi tulikuwa na yuniti nyingi zilizonunuliwa mapema, kwa hiyo zamu yetu haikuwa imefika. Sasa ilikuwa imefika, na mgeni yuko kwenye kiti, na samaki wako kwenye friza iliyozima.

Baba Watoto alisimama nyuma ya mlango, akamulika kwa simu, akaisoma nambari ya mita tarakimu moja moja na kulipa kwa M-Pesa. Meseji ikaja mara moja, na ndani yake tarakimu 20. Tukashuka. Mita za ploti yetu ziko chini ya ngazi ndani ya kizimba cha chuma, kila moja imeandikwa kwa chokaa alama ya nyumba yake. Yetu tunaijua kwa ile 3C iliyo juu yake, na hakuna aliyewahi kuhitaji kusoma zaidi ya hapo. Keateka akafungua kufuli. Kitinda mimba wetu akabonyeza huku babake akimsomea. Mita ikakataa. Wakarudia polepole, ikakataa. Akabonyeza Baba Watoto mwenyewe, ikakataa vile vile.

Ploti nzima ikashuka kutoa ushauri. Jirani wa ghorofa ya pili alisema mtoto anabonyeza kwa pupa. Mama wa duka alisema mita ikigoma huachwa ipumzike. Keateka ndiye aliyesema neno zito, nalo alilisikia redioni: leo saa mbili na robo usiku nambari zinaisha, na mita ambayo haijasasishwa haitapokea tokeni tena. Watoto wadogo walimwamini wakaanza kulia.

Mjomba alishtushwa na neno hilo kuliko giza. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu, mtu wa kuhesabu magunia na makasha, na tangu azaliwe hajaona nambari ikiisha. Akaniuliza mimi, akamuuliza Baba Watoto, akamuuliza keateka, na hakuna aliyempa jibu la kumtosha. Basi akageukia alichokiweza. Akaagiza jiko la makaa, akatoa samaki kwenye friza, akawakata vipande kwa mwanga wa mshumaa na kuanza kukaanga pale pale kwenye ngazi. Samaki wa pwani, alisema, haozi mbele ya mtu mzima.

Kifungua mimba wetu, binti yetu, alirudi saa mbili kasorobo. Anasoma hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, na alikuwa ameshinda huko na wenzake wakijiandaa kwa mtihani. Akamwamkia babu yake, akasikiliza malalamiko yetu yote, kisha akaulizwa swali moja: je, ni kweli nambari zinaisha leo?

"Babu, nambari haziishi," alisema. "Kilichojaa ni mashimo." Na akaomba bao.

Nitalieleza jambo hili kama alivyolieleza yeye, kwa kuwa sijapata kusikia maelezo bora. Mita zetu zinatumia mfumo uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini na ambao sasa unaendesha mita za tokeni katika nchi nyingi za dunia. Kila tokeni ya stima imebeba ndani yake dakika iliyotengenezwa, na dakika hizo zinahesabiwa tangu saa sita za usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1993. Mita inaweka kumbukumbu ya dakika za tokeni ilizokwisha pokea. Ikiletewa dakika iliyokwisha tumika, au iliyo ya zamani kuliko zote inazokumbuka, inakataa. Ndiyo sababu tokeni moja haiingii mara mbili, na karatasi ya mwaka jana haiwashi kitu.

Sasa, dakika hiyo imetengewa nafasi 24 tu, na kila nafasi ina kitu au haina. Bao la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane. Binti alitandika leso juu ya mstari wa nne, yakabaki mashimo 24 wazi. Akasema: katika kila shimo weka kete moja au usiweke. Shimo moja linakupa hali 2. Mashimo mawili hali 4, matatu hali 8, na mstari mzima wa mashimo manane unakupa hali 256. Ukiongeza mstari wa pili zinakuwa 65,536. Ukiongeza wa tatu zinakuwa 16,777,216, na hapo bao limekwisha. Kila hali ni dakika moja. Mashimo yote yakiwa matupu, hiyo ndiyo dakika ya sifuri, mwaka 1993. Mashimo yote yakiwa na kete, hiyo ni dakika ya 16,777,215, na baada yake hakuna pa kuweka kete nyingine.

Mjomba hakulipokea hilo kwa imani. Alichukua kipande cha gazeti lililofunika samaki, akaomba kalamu, akapiga hesabu kikarani. Siku moja ina dakika 1,440. Siku 11,650 zinakula dakika 16,776,000. Zinabaki 1,216, nazo ni saa 20 na dakika 16. Halafu akahesabu siku 11,650 tangu 1 Januari 1993, akiipa miaka mirefu siku yake ya ziada, 1996, 2000, 2004, 2008, 2012, 2016, 2020 na 2024 yenyewe, akafika tarehe 24 Novemba 2024. Dakika ya mwisho inayoandikika ni saa mbili na dakika 15 usiku. Aliinua uso akamwangalia keateka kwa heshima. Redio ilikuwa imesema kweli.

Kisha mzee akauliza swali la karani: hizo kete zina bei gani? Maana kete ya shimo hili haiwezi kuwa sawa na kete ya shimo lile. Binti akafurahi sana, nikaona kwenye uso wake. Shimo la kwanza thamani yake ni 1, la pili 2, la tatu 4, kila moja maradufu ya lililotangulia, hadi la 24 ambalo kete yake ni 8,388,608. Ukijumlisha thamani za mashimo yote 24 unapata 16,777,215. Na shimo la 25, lile la kwanza chini ya leso, lingekuwa na thamani ya 16,777,216.

Kutoka hapo hesabu ikawa tamu, na samaki wakawa wanaungua kidogo. Nambari 16,777,216 haina kiungo kingine ila 2, ikizidishwa kwa yenyewe mara 24. Kwa sababu 24 hugawanyika kwa njia nyingi, nambari hii inajipanga kwa sura nyingi. Ni mraba kamili, 4,096 mara 4,096. Ni mchemraba kamili, 256 mara 256 mara 256, yaani ile mistari mitatu. Ni 64 kwa kipeo cha 4, na ni 16 kwa kipeo cha 6. Iliyompendeza Mjomba ni kwamba ni 8 kwa kipeo cha 8: nane ikizidishwa mara nane, na mstari wa bao una mashimo manane. Alirudia jambo hilo kwa kila jirani aliyekuja kuchukua kipande cha samaki.

Mimi nilivutiwa na vigawo vyake. Nambari hii inagawanyika bila baki kwa nambari 25, ukiihesabu na yenyewe. Iondoe yenyewe, vinabaki vigawo 24: 1, 2, 4, 8, na kuendelea hadi 8,388,608. Hizo ndizo bei za mashimo 24 ya bao, zote, bila kuzidi wala kupungua. Wanahisabati tangu enzi za Wagiriki wameziita kamilifu nambari ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha nambari yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Vigawo vidogo vya 16,777,216 vikijumlishwa vinaleta 16,777,215. Imekosa ukamilifu kwa moja. Pungufu hilo la moja ndilo lililokuwa likizungumzwa redioni usiku ule, ingawa mtangazaji hakulijua kwa jina hilo.

Na mwangalie jirani yake wa karibu. 16,777,215 ni 3 mara 3 mara 5 mara 7 mara 13 mara 17 mara 241. Wamepishana kwa moja, lakini mmoja amejengwa kwa nambari tasa moja tu na mwenziwe amejengwa kwa sita tofauti. Nilisoma vipeo darasani kama watoto wote wa Kenya, na tulipewa mifano mingi ubaoni. Ningepewa mfano huu ningelipenda somo lile mapema. Nambari hii hata kwenye simu ya mtoto ipo: kioo cha kawaida huchanganya viwango 256 vya nyekundu, 256 vya kijani na 256 vya buluu, na jumla ya rangi zinazoweza kuoneshwa ni 16,777,216. Rangi ya maziwa ya mlango wetu ina mahali pake humo.

Mjomba akafunua leso. Akauliza kwa nini waliotengeneza mfumo waliacha mstari wa nne, ilhali kwa mistari minne wangepata dakika 4,294,967,296, zaidi ya miaka 8,000. Jibu la binti lilinigusa. Tokeni nzima ina nafasi 66: dakika 24, kiasi cha stima 16, ukaguzi 16, na zilizobaki ni za kutambulisha aina yake na za bahati nasibu. Nafasi 66 zinaandikika kwa tarakimu 20. Ukiongeza mstari wa nne wa bao zinakuwa 74, na hizo zinadai tarakimu 23. Mtu anazibonyeza kwa kidole, mara nyingi gizani, mara nyingi na mtoto mgongoni. Kwangu mimi tarakimu 3 zilizopunguzwa ni za thamani kwa kila nyumba, na kusasisha mita mara moja kwa miaka 31 na zaidi ni bei ya haki.

Saa mbili na robo ikafika, ikapita. Keateka alikuwa amesimama karibu na kizimba akitazama mita kana kwamba kitu kitalipuka. Hakuna kilichotokea. Zile zilizosasishwa ziliendelea kuhesabu, na yetu ikaendelea kuwa giza.

Ndipo binti akaomba meseji ya tokeni. Alianza na tarakimu ya kwanza. Nafasi 66 zikijaa zote zinafanya 73,786,976,294,838,206,463, kwa hiyo tokeni halali inayoanza na 8 au 9 haipo. Ukiona inaanza hivyo, ujue imenakiliwa vibaya. Ya kwetu ilianza na 5. Akahesabu tarakimu, zikawa 20. Kisha akanyamaza, akauliza: seti nyingine mbili ziko wapi? Mita isiyosasishwa huletewa seti tatu. Sisi tumeletewa moja, kama watu waliokwisha sasisha.

Hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Akili zetu zote zilikuwa kwenye vidole vya mtoto.

Akaomba nambari ya mita, akaikagua kwa mshumaa. Nambari ya mita ya tarakimu 11 ina ulinzi wake: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Njia ya kuikokotoa ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeomba hataza yake mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960, na njia hiyo hiyo inalinda nambari za kadi za benki. Unaanzia kulia. Tarakimu moja unaiacha, inayofuata unaizidisha kwa 2, na jibu likizidi 9 unalipunguza kwa 9. Unakwenda hivyo hadi mwisho, unajumlisha, na jumla lazima iishe na sifuri. Ya mlangoni ilijumlika, ikaisha na sifuri. Nambari ilikuwa salama.

Aliketi nayo kwa muda. Mjomba akamletea kipande cha nguru, hakukila. Halafu akasimama ghafla, akachukua tochi na kushuka mwenyewe hadi kizimbani, tukamfuata. Akaisoma nambari iliyochapwa kwenye mita, akiilinganisha na karatasi yake. Tisa za tarakimu zilikuwa sawa. Mbili katikati hazikuwa. Mlangoni fundi aliandika 90, na kwenye mita ilikuwa 09.

Nataka kulieleza kosa hili vizuri, kwa sababu fundi yule hastahili lawama. Watu wanaponakili nambari, kosa la kawaida ni kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani, na njia ya Luhn imeundwa kulikamata. Chukua 27 na 72. Ukizidisha ya kushoto kwa 2, 27 inatoa 4 na 7, jumla 11, na 72 inatoa 5 na 2, jumla 7. Zinatofautiana, kosa linaonekana. Lakini sifuri ikizidishwa kwa 2 inabaki sifuri, na tisa ikizidishwa inakuwa 18, ukiondoa 9 inarudi tisa ile ile. Kwa hiyo 09 na 90 zinatoa 9 popote zilipo. Katika jozi 45 za tarakimu mbili zisizofanana, njia hii inakamata 44. Inayopenya ni moja tu, na ndiyo iliyokuwa nyuma ya mlango wetu.

Basi nambari ya mlangoni ilikuwa ya mita halali ya mtu mwingine, ambaye alikwisha sasisha. Pesa yetu ilinunua tokeni yake. Tokeni inafungwa kwa ufunguo unaotegemea nambari ya mita, na mita yetu, yenye ufunguo mwingine, iliifungua ikakuta kelele tupu. Ilikuwa inafanya kazi yake ilivyopaswa kila mara tulipoigombeza.

Mjomba ndiye aliyelipa safari hii. Baba Watoto aliona haya kupokea pesa ya mgeni, mzee akamwambia samaki wameshaliwa, aache na yeye achangie mwanga. Nambari ya mita ikasomwa kutoka kwenye mita. Meseji ikaja na seti tatu, tarakimu 60 kwa jumla. Keateka akatikisa kichwa, akasema saa mbili na robo imepita, haitaingia. Binti akamweleza kwa upole kwamba zile seti mbili za kwanza hazina dakika ndani yake. Zimebeba ufunguo mpya wa mita, na ufunguo huo una nafasi 64, haukai kwenye tokeni moja, ndiyo maana umekatwa vipande viwili vya nafasi 32. Vikiingia vyote viwili mita inafuta kumbukumbu ya dakika za zamani na kuanza kuhesabu upya tangu 1 Januari 2014. Bila kuifuta, ingekuwa taabu: kwa hesabu mpya dakika ile ilikuwa ya 5,732,000 na ushei, na mita yenye kumbukumbu za milioni 16 ingeiona kuukuu na kuikataa.

Kitinda mimba akabonyeza tena. Seti ya kwanza ikakubali. Kwenye ya pili alikosea tarakimu moja, mita ikakataa, na babake akashika kichwa akidhani pesa imeungua. Haiungui. Ndani ya kila tokeni mna zile nafasi 16 za ukaguzi, na nambari iliyokosewa ikifunguliwa ina uwezekano wa 1 kwa 65,536 wa kuupita ukaguzi huo, na kwa tokeni ya stima, hata ikiupita bado dakika yake ingepaswa kukubalika. Unaanza upya tu. Akaanza upya, ikaingia. Akaingiza ya tatu, na ghorofa ya tatu ikawaka, ilikuwa karibu saa nne usiku. Watu wa ploti walipiga makofi huku mikono yao ikinuka samaki.

Friza ilirudi kufanya kazi ikiwa tupu. Mjomba alikaa nasi hadi mwisho wa juma, akimfundisha kitinda mimba bao kwa mistari yote minne, naye akifundishwa na binti yangu kuandika nambari kwa kete. Fundi wa rangi alikuja tulipomwita, akasikiliza hesabu ya 09 na 90 hadi mwisho, akaomba aandikiwe kwenye karatasi akawaoneshe wenzake. Akasahihisha nambari kwa brashi nyembamba bila kutaka malipo. Tokeni ya kwanza bado iko kwenye simu ya Baba Watoto. Ni nambari nzima, safi, inayofaa mita moja tu duniani, na mita hiyo si yetu.

Hesabu mpya nayo ina mashimo 24 yale yale. Itajaa Ijumaa, tarehe 24 Novemba 2045, saa mbili na dakika 15 usiku. Wewe msomaji usingoje mwaka huo. Kabla ya kununua tokeni nyingine, shuka uisome nambari kwenye mita yenyewe, uilinganishe na ile uliyoandika mlangoni au kwenye simu, na ukikuta 0 na 9 zimekaa pamoja, zisome mara ya pili.